Rangi ya mgonjwa iingie kwenye hesabu ya figo au isiingie?

Mleta mada: Wakuu, Marekani mwaka 2021 walishauriwa kuitoa rangi kwenye kanuni ya kukadiria uchujaji wa figo. Kabla ya hapo, ukiwa Mweusi jibu lako lilizidishwa kwa 1.159, eti Weusi wana kreatinini (taka ya misuli inayopimwa kwenye damu) nyingi zaidi. Figo zinaonekana zina nafuu, mgonjwa anachelewa kuingia kwenye orodha ya kupandikizwa. Mimi naunga mkono kuitoa. Ila kuna jeni ya APOL1: ukirithi nakala mbili zenye mabadiliko, hatari ya figo kufeli inapanda, na wengi wenye nazo asili yao ni Afrika Magharibi. Tukifuta rangi, hawa tutawakamataje?

MwanaMaabara: Pima jeni, acha rangi. Mabadiliko hayo yameenea kwa sababu yanamsaidia mtu kupambana na vimelea vya malale. Nenda Ethiopia, ni nadra mno. Weusi ni wale wale, hatari siyo ile ile.

Kobe wa Bara: Jeni zinapimwa wapi, mkuu? Daktari wa zahanati anatumia macho yake. Akija mtoto mweusi analia mifupa, anawaza selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Huo ni ugonjwa wetu Waafrika, tukubali yaishe.

Mama Wawili: Hapo kwenye "ugonjwa wetu" umenigusa pabaya. Mwanangu anao. India upo, Saudi Arabia mashariki upo, Ugiriki upo. Hizo zote ni sehemu zilizopigwa na malaria, na ukirithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu, yaani AS, inakukinga na malaria kali. Hata hapa kwetu Afrika Mashariki mtafiti Anthony Allison alionyesha tangu 1954: wenye AS walikuwa wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, nyanda za juu zenye baridi wachache. Rangi ilibadilika hapo? Mbu ndio walipungua!

Kobe wa Bara: Pole dada. Lakini mngepima kabla ya ndoa yasingewakuta.

Mama Wawili: Usinihukumu. AS na AS, kila mimba uwezekano wa SS, yaani mtoto kurithi kwa wazazi wote na kuugua, ni robo. Wa kwanza ni mzima kabisa, tungejuaje? Wa pili vidole vya mikono na miguu vilivimba hajafikisha mwaka, hospitali tukaambiwa kaanguka. Mtoto hata kutambaa bado!

Nungunungu: Kobe kasema ukweli mchungu. Kupro walipima wachumba, watoto wenye thalasemia, ugonjwa mwingine wa damu wa kurithi, wakapungua karibu kuisha. Serikali ilazimishe.

MwanaMaabara: Kupro hawakukatazwa kuoana. Wengi walioana vilevile, wakapima mimba, na mimba nyingi zikatolewa. Hilo unalisema waziwazi au unaliruka?

Nungunungu: Sijataja kutoa mimba, usinilishe maneno. Nasema watu wajue hali zao.

Mleta mada: Jamani, figo…

Mama Wawili: Figo pia, selimundu inaziharibu. Nungunungu, kujua hali sikatai. Ila anza na mtoto anapozaliwa: tone la damu kisiginoni la kupimia, penisilini kila siku mpaka atimize miaka mitano, chanjo ya nimonia, baadaye haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya selimundu. Wanaokufa wadogo wengi wanamalizwa na maambukizi kabla hata hawajajulikana. Na wapimwe wote wanaozaliwa, mweupe na mweusi, msichague kwa macho.

Kobe wa Bara: Hizo haidroksiyurea nani ananunua?

Mama Wawili: Kwa sasa, mimi.