Jellyfin iko Bombo, mimi niko Elegu: nje ya nyumba haifunguki

Mnubi_wa_Elegu
Salaam wakuu. Mimi ni wakala wa forodha hapa Elegu, mpaka wa Uganda na Sudan Kusini, nyumbani kwetu ni Bombo. Mwaka jana nilimlipa kijana mmoja Kampala ahamishe kanda za VHS za marehemu baba ziwe faili za kompyuta. Kanda 31: harusi za shangazi zetu, doluka (ngoma yetu Wanubi) mpaka alfajiri, hata siku baba alipomaliza kuezeka nyumba. Nimeziweka kwenye laptopu mzee (Core 2 Duo, Ubuntu) yenye Jellyfin, programu ya kurusha video zako kwenye TV na simu. Mama anazitazama kwenye TV ya sebuleni bila taabu.

Mwenye taabu ni mimi. Wikendi nikiwa nyumbani niliingia kwenye ruta nikaelekeza mlango 8096, ule wa Jellyfin, kwa laptopu. Nimerudi Elegu, naandika kwenye simu ile anwani ya IP ambayo tovuti za kupima zilinionyesha, kimya. Inazunguka weee, halafu inakata. Huduma kwa wateja wa kampuni yangu ya intaneti wananiambia ruta izimwe iwashwe. Mama ameshaizima mara nne, sasa ananiuliza kama ruta inaumwa.

Fundi_Koboko
Hukupiga picha ya ule ukurasa wa ruta? Anwani iliyoandikwa WAN (ya upande wa nje) inaanza na ngapi?

Mnubi_wa_Elegu
Ninayo picha. Inaanza na 100.81. Ile ya tovuti ni tofauti kabisa.

Fundi_Koboko
Basi mwache mama apumzike. Anwani za 100.64 mpaka 100.127 zimetengwa kwa kampuni za intaneti, ili wateja wengi wakae nyuma ya anwani moja ya nje. Ndiyo wanaita CGNAT, kwa sababu anwani za IPv4, zile za aina ya zamani, hazitoshi. Chukua zile nyumba za kupanga za Kampala: vyumba kumi, geti moja. Wewe umeacha mlango wa chumba chako wazi, lakini mgeni amekwama getini, na askari hajui anamtafuta nani. Geti si lako, hata ukihangaika na ruta mwaka mzima.

Njia ni laptopu yenyewe itoke nje kukutafuta, kwa sababu kutoka hakuzuiwi. Weka Tailscale, programu inayounganisha vifaa vyako kwa mtandao wa faragha, kwenye laptopu, weka na kwenye simu, ingia kwa akaunti ile ile. Ya bure inakutosha. Kila kifaa kitapewa anwani yake, nayo pia inaanza na 100, usichanganyikiwe. Kwenye simu andika hiyo ya laptopu na :8096 mwishoni.

Dada_Seva
Na ule mlango uliofungua kwenye ruta, ufunge. Leo CGNAT inakukinga bila wewe kujua. Siku ukihamia kampuni inayokupa anwani ya wazi, Jellyfin yako itakuwa uchi mbele ya dunia nzima. Jambo jingine: ufunguo wa Tailscale (idhini ya kifaa kuwa kwenye mtandao wako) huisha baada ya siku 180. Ingia kwenye akaunti, uizimie laptopu huo muda wa kuisha, la sivyo siku moja itakatika ukiwa mbali na hutajua kwa nini.

Mnubi_wa_Elegu
Mdogo wangu alikuwa nyumbani, nikamwelekeza kwa simu, neno kwa neno. IMEFUNGUKA! Nimemwona baba akicheka. Dakika kumi hivi, kisha giza. Tailscale inasema laptopu haipo.

Nampigia mama. Kumbe ameifunika na kuitandikia kitambaa, eti vumbi lisiingie.

Fundi_Koboko
😂 Mama hana kosa, laptopu ikifunikwa hulala. Fungua faili /etc/systemd/logind.conf, kwenye HandleLidSwitch weka ignore, utoe alama ya # mbele yake, kisha uwashe laptopu upya. Afunike atakavyo. Ila kitambaa kitoke, hiyo mashine inahitaji hewa.

Mnubi_wa_Elegu
Hailali tena, ahsante. Lakini picha inakwama kila baada ya sekunde chache, na mdogo wangu anasema feni inalia kama pikipiki. Kasi ya kupakia ya nyumbani nimepima, ni Mbps 4.

Dada_Seva
Faili alizokupa yule kijana ni MPEG-2, sivyo? Ile ya DVD. Simu nyingi haziichezi, kwa hiyo laptopu inalazimika kuibadilisha papo hapo wakati wewe unatazama. Core 2 Duo, jamani! Hata zingechezwa zilivyo, kwa kawaida ni kama Mbps 6, na wewe unapakia 4.

Zibadilishe mara moja tu kwa HandBrake, programu ya kubadilisha video: chagua H.264 (aina ambayo simu huicheza), Mbps 1.5, na uwashe kile kichujio cha kuondoa mistari ya VHS. Picha ya kanda haina cha kupoteza zaidi ya hapo. Kanda ya saa tatu itashuka kutoka kama GB 8 hadi 2. Kifurushi chako cha simu kitashukuru.

Ikikwama tena baada ya hapo, andika `tailscale status`. Ukiona neno relay badala ya direct, data yako haiendi moja kwa moja, inapitia seva ya katikati, huenda ile ya Nairobi, na kasi hupungua. Kwa Mbps 1.5 hutahisi sana.

Mnubi_wa_Elegu
Kanda tisa tayari, usiku mmoja kanda moja. Inasema relay lakini haikwami. Jana foleni ya malori ilikuwa ndefu, nikatazama harusi ya shangazi yote nikiwa nimekaa juu ya gunia la ufuta, madereva wawili wa Juba wakachungulia, mmoja akaanza kupiga makofi.

Mama ameondoa kitambaa. Sasa ameweka stuli mbele ya laptopu ili kuku wasiipande.