MREJESHO: Kingo zenye meno ya msumeno kwenye gemu la malori

Wakuu, wiki iliyopita niliuliza kwa nini nyaya za umeme na kingo za majengo zinaonekana kama meno ya msumeno, na zinametameta lori likitembea, wakati nimeshawasha MSAA 4x (njia ya kulainisha kingo).

Aliyeniambia niangalie rezolusheni (idadi ya pikseli, yaani nukta za picha) kwanza, ubarikiwe. Skrini yangu ni 1920 kwa 1080, kumbe gemu lilikuwa linachora 1280 kwa 720 kisha picha inatanuliwa. Nilipobadilisha, nusu ya tatizo iliisha hapohapo.

Zikabaki fensi na majani ya miti. MSAA inalainisha kingo za maumbo tu, na fensi ile ni picha yenye matundu iliyobandikwa kwenye bapa, kwa hiyo haiguswi. Njia nyingine, FXAA, ni nyepesi kweli, ila maandishi ya vibao vya barabarani yalififia, sikuipenda. Njia ya tatu, TAA, ndiyo iliyotuliza kumetameta, maana inachanganya fremu (picha moja moja za gemu) zilizopita na ya sasa. Gari likipita kasi linaacha taswira hafifu yake nyuma, nimevumilia.

Kuchora kwa 3840 kwa 2160 kisha kupunguza kulitoa picha safi kuliko zote, lakini pikseli ni mara 4 ya zile za skrini yangu na kadi yangu ya michoro ililemewa. Nimebaki na TAA. Asanteni sana.