Naomba ushauri: mstaafu anayeshtuka saa tisa usiku

Wapendwa wanakikundi, habari za kazi. Namhudumia, kama mshauri nasaha, mwalimu mstaafu wa miaka 60. Tangu astaafu hushtuka saa tisa usiku, moyo ukienda mbio, hesabu za mafao zikimjaa kichwani. Presha na sukari vimepimwa, viko sawa. Hana mawazo ya kujidhuru.

Tumejaribu kuvuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa 6, dakika 5 asubuhi na jioni. Chai ya mwisho saa nane mchana. Na dakika 15 za kuandika wasiwasi wake jioni, mbali na kitanda. Mchana ametulia kweli. Usiku pumzi inamwongezea hofu, nadhani kwa kuwa anaivuta kwa nguvu mno hadi apate kizunguzungu na ganzi ya vidole. Tena hulala saa mbili usiku, kwa hiyo saa tisa ameshapata saa 7 za usingizi. Hilo ndilo linalonitia shaka zaidi.

Je, nianze kusogeza muda wa kulala hadi saa nne usiku, au nirekebishe pumzi kwanza? Na kwa mtu aliyezoea kengele ya shule, ni shughuli gani ya asubuhi, isiyohitaji mtaji, imewafaa wastaafu wenu?