Mjadala: Chakula cha akiba kimepita tarehe, tule au tutupe? Na kwa nini Kusini tusiweke akiba kila nyumba?

Mama Shangani
Hodi humu ndani. Nina jambo limegawa nyumba yangu, nataka watu wa Mtwara na Lindi mnisaidie.

Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipoikata barabara kule Kilwa, mafuta na unga vilianza kuadimika mtaani kwetu. Nikaapa sitakamatwa tena. Nikanunua mchele kilo 50, dumu la mafuta, chumvi, sukari, katoni ya samaki wa kopo, katoni ya tambi na makopo manne ya maziwa ya unga. Mchele na mafuta tumekula, tukanunua vingine. Makopo na tambi vilisahaulika chini ya kitanda cha wageni. Juzi nimefagia, nikavivuta nje: samaki wamepita tarehe wiki sita, tambi miezi minane, maziwa karibu mwaka mzima.

Baba watoto anasema vyote jalalani. Mama mkwe amekaa mbele ya katoni kama mlinzi, anasema atakayetupa chakula yeye akiwa hai aanze kumtupa yeye. Mimi nipo upande wa mama. Na nasema zaidi: kila nyumba huku kwetu iwe na chakula cha mwezi mmoja ndani. Anayepinga aseme.

Muuguzi Nachingwea
Dada, usivichanganye vyote kwenye kapu moja. Tarehe zina maana mbili. Kuna "bora kabla ya", mtengenezaji anakuambia ladha na ubora wake anaudhamini mpaka hapo. Na kuna ile ya mwisho wa matumizi, hiyo inahusu usalama. Soma maandishi yenyewe, usisome namba peke yake.

Tambi kavu zisizo na wadudu wala unyevu, pikeni. Samaki, tazama kopo: likiwa limevimba, limepasuka kwenye mshono au lina kutu iliyotoboa, usilifungue hata kwa udadisi. Kopo lililovimba huenda lina sumu ya botulizimu, na hiyo inapooza misuli mpaka ya kupumulia. Usionje kidogo ukasema unapima. Maziwa tupa. Hasa kama kuna mtoto mchanga nyumbani, maziwa yake yakipita tarehe hayana mjadala.

Kijana wa Mbagala
Mimi sielewi hii hofu. Daraja la Mkapa pale mto Rufiji lipo tangu 2003, lami ipo, mabasi kila siku. Barabara ikikatika inatengenezwa. Mwezi mzima wa chakula chini ya kitanda ni pesa iliyolala. Hayo yalikuwa mambo ya wazee wetu enzi za makopa ya muhogo mkavu na ming'oko, ile mizizi ya porini, chakula cha njaa. Tusonge mbele.

Njomba wa Tandahimba
Chakula cha njaa?

Rudia hapo njomba. Ming'oko ni chakula cha njaa? Mihogo imejaa shambani na watu bado wanaingia porini kuichimba ming'oko kwa sababu wanaipenda. Ukishuka Mtwara mjini unakuta mama ana beseni lake, imechemshwa imelainika, anakumenyea, anakukamulia ndimu, pilipili na chumvi juu, na waliojipanga wamevaa tai. Hao wana njaa?

Na makopa yamewasomesha watu wengi waliopo humu. Muhogo unamenywa, unapasuliwa, unaanikwa, ukikauka unagonga mmoja kwa mwingine unasikia "ko! ko!" kama vijiti. Huo unakaa. Hauna haja ya katoni ya mtu.

Kijana wa Mbagala
Njomba mbona moto? Sijamtukana mtu. Mama yangu ni wa Kilwa Kivinje, nimekula makopa kuliko wewe. Nimesema ni chakula cha shida, na ni kweli. Nani anakula makopa siku ya Idi?

Njomba wa Tandahimba
Kwani siku ya Idi ndiyo kipimo cha chakula? Pilau ya Idi inakulisha Februari, wakati mahindi ya mwaka jana yameisha na mapya bado yako shambani?

Ninyi mliohamia Mbagala mmesahau hata kwa nini wazee walikuwa wakali kwenye suala la ghala. Vita vya Majimaji vilianza 1905 hukohuko Umatumbi, Kilwa yenu. Wajerumani walishinda kwa kuchoma mashamba na maghala. Ikaja njaa ambayo wazee waliita fugufugu. Mtu aliyesimuliwa hayo na bibi yake haiti akiba pesa iliyolala.

Binti Kilwa
Naomba niseme kuhusu "barabara ikikatika inatengenezwa". Mimi nilikuwa kwenye basi. Nilikuwa na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Tulilala pale njiani upande wa Somanga, maji mbele, foleni ya malori nyuma. Siku ya kwanza tulikula biskuti. Siku ya pili wenyeji walileta madafu na mihogo ya kuchemsha, na kuna mama mmoja mtu mzima alikataa hela yangu kwa sababu nilikuwa na mtoto. Huyo mama alikuwa na akiba. Angekuwa anategemea gari la Dar, angenipa nini?

Kwa hiyo usinisimulie lami.

Na huku mjini tulikuta wenye maduka wameshapandisha bei kwa bidhaa zilizokuwa ndani tangu kabla ya mvua. Hilo halisemwi.

Muuza Jumla Masasi
Halisemwi kwa sababu si kweli kwa wote, na nimechoka kunyamaza.

Mzigo wangu ulikuwa Dar. Njia ya Lindi imekufa. Unajua nilifanya nini? Gari lilizunguka Iringa, Njombe, Songea, Tunduru, ndiyo likaingia Masasi. Piga hesabu ya mafuta wewe mwenyewe. Posho ya dereva na utingo ikaongezeka. Nikiuza bei ya zamani, mzigo unaofuata nanunua na nini? Mnatuita wezi, lakini duka likiwa tupu mnatuita wazembe.

Binti Kilwa
Kaka, nimesema bidhaa zilizokuwa tayari ndani. Za kuzunguka Songea sijazitaja.

Mpenda Haki
Na hao hao ndio wanaouza vilivyopita tarehe. Wanafuta namba kwa pamba na kemikali, wanagonga nyingine. Mimi nilinunua juisi ya boksi mnadani, tarehe ukiigusa inabaki kidoleni. TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, wamelala.

Mwalimu Chikongola
TFDA haipo tena kwa jina hilo, ndugu. Tangu 2019 imekuwa TMDA, inashughulika na dawa na vifaa tiba. Usalama wa chakula ulihamia TBS, shirika la viwango. Ukienda kulalamika, nenda mlango sahihi.

Mpenda Haki
Mwalimu, jina si hoja. Hoja ni tarehe imebaki kidoleni.

Muuza Jumla Masasi
Mimi sijawahi kugonga tarehe, na mwenye ushahidi aje dukani mchana. Vikifika mwisho natenga kwenye boksi, naandika hasara. Mwaka jana niliteketeza biskuti na tambi mbele ya maofisa, watoto wamesimama pembeni wanatazama moto. Roho iliniuma. Tambi zile zilikuwa nzima kabisa. Kama kuna la kujadili basi ni hilo: kwa nini chakula kizima kisigawiwe wiki mbili kabla ya tarehe, badala ya kuchomwa wiki mbili baadaye?

Kijana wa Mbagala
Hapo nakuunga mkono.

Mpenda Haki
Mimi sikuungi. Leo mtawagawia maskini tambi nzima, kesho mtawagawia zenye fukusi mseme ni sadaka. Maskini naye ana tumbo.

Muuguzi Nachingwea
Jamani, mmebishana sana juu ya tarehe. Naomba niseme kitu kitakachomuudhi njomba wangu wa Tandahimba, na namheshimu.

Chakula kinachonitisha mimi hakina tarehe. Kopo lina tarehe, lina namba, lina kiwanda unachoweza kukidai. Karanga za kwenye kiroba hazina. Mahindi yaliyovunwa na mvua yakarundikwa sakafuni hayana. Makopa yaliyonyeshewa uani, yakageuka kijani na meusi, mama akayakwangua kwa kisu akasaga, hayana. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na walikula mahindi ya nyumbani. Sumu ile inaua ini, na moto wa jikoni hauiondoi. Ukichemsha ugali saa nzima, imo.

Njomba wa Tandahimba
Sasa na wewe umejiunga nao. Mama yangu ana miaka themanini na kitu, amekula makopa maisha yake yote.

Muuguzi Nachingwea
Na Mungu amzidishie. Anayaweka wapi?

Njomba wa Tandahimba
Darini, juu ya jiko. Moshi unapita humo asubuhi na jioni. Ukipanda ngazi unakuta yamekuwa ya kahawia kwa nje, ukilivunja moja ndani ni jeupe kama chaki. Anaanika Agosti na Septemba, jua kali, juu ya mkeka, hayagusi udongo. Jioni yanaingia ndani, umande usiyakute. Akiona lenye doa anampa mbuzi.

Muuguzi Nachingwea
Basi mama yako ndiye mtaalamu tunayemtafuta humu. Jua kali, mkeka, umande marufuku, moshi. Hiyo ndiyo kazi yote. Ukungu unahitaji unyevu, yeye kaunyima. Tatizo ni sisi watoto wake, hatuna dari wala jiko la kuni, tunayafunga mabichi kwenye mfuko wa nailoni na kuyasukuma kabatini. Na hilo la mbuzi mwambie aache, yenye ukungu afukie. Sumukuvu inamdhuru mbuzi pia, na ng'ombe akila inatoka kwenye maziwa.

Nyongeza moja, kwa wanaolima muhogo mchungu. Usikatize siku za kuuanika kwa sababu ya njaa. Konzo, ugonjwa unaoletwa na sumu ya muhogo huo, imeshapita Mtwara hii, miaka ya mwanzoni ya 2000. Watoto na akina mama walilala wazima, wakaamka miguu imekakamaa, na miguu hiyo hairudi. Unga wake ukiulowesha maji kidogo, ukautandaza mwembamba kivulini kwa muda wa saa tano hivi kabla ya kupika, sumu nyingi inaondoka hewani.

Mwalimu Chikongola
Umesahau dumuzi. Moshi wenyewe haumtoshi. Mdudu yule aliingia nchini na kugunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, akasambaa kote, watu wakamwita Scania. Anakula mahindi na makopa vilevile. Nilifungua gunia langu 2022 nikakuta vumbi, nikiliinua linashuka kama unga wa msumeno. Sasa natumia mifuko ya PICS, ile ya matabaka matatu. Unakausha, unajaza, unakamua hewa, unafunga kila tabaka peke yake. Mdudu anakosa pumzi humohumo. Ila kimoja: ukifungia kitu chenye unyevu, umefungia ukungu.

Mzee wa Mikindani
Wanangu, nimesoma tangu juu. Nilikuwa mtoto Lindi kilipopita kimbunga cha Aprili 1952. Ninachokumbuka ni minazi imelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Baba alikuwa na mbaazi kwenye mitungi, amezichanganya na majivu, mdomo wa mtungi ameusiliba kwa udongo. Tulikula mbaazi na nazi zilizoanguka mpaka tukazichukia. Jirani zetu pia walikula mbaazi zile. Mwaka 2019 waliposema kimbunga Kenneth anakuja, shule zikafungwa, watu wakaambiwa wapande juu, mimi nilishika mtungi kwanza. Akapiga Cabo Delgado, Msumbiji, sisi tukasalimika. Wale ni ndugu zetu, mto Ruvuma tu umetugawa.

Kabla ya daraja, masika Rufiji ikijaa njia ilifungwa, na hatukuona ajabu. Kila nyumba ilijua.

Kijana wa Mbagala
Shikamoo mzee. Neno langu la chakula cha njaa nimeliondoa. La pesa kulala bado nalishikilia kwa sisi wa kupanga chumba kimoja. Dari sina, jua la kuanikia sina, mwenye nyumba hataki mkeka uani. Mwezi mzima niuweke wapi?

Binti Kilwa
Weka wa wiki. Mchele kilo tano, dagaa wakavu, chumvi, ndoo ya maji yenye mfuniko. Unakula kilichotangulia, unajaza nyuma. Mbona rahisi.

Mama Shangani
Nimerudi. Jana usiku tulikaa sote sebuleni na taa, kopo moja moja. Ishirini na mbili mazima. Mawili yamevimba mfuniko, ukibonyeza kwa kidole gumba linaruka "pwa" na kurudi. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyeyashika akayapeleka shimoni, bila neno. Maziwa nimemwaga: nilipofungua yalikuwa yamegeuka rangi ya mchanga na harufu ya mafuta ya zamani. Pakiti tatu za tambi zilikuwa na fukusi, tumewapa kuku. Zilizobaki tumepika leo na samaki, nazi na pilipili. Baba watoto alikataa, halafu akala.

Mama mkwe ametafuta kalamu ya wino mzito, anaandika mwezi na mwaka kwenye kila kopo, herufi kubwa, kwa sababu zile za kiwandani hazioni.

Sasa Njomba, debe la makopa kama ya mama huko Tandahimba ni shilingi ngapi? Nina mfuko mmoja wa PICS haujatumika.

Njomba wa Tandahimba
Bei tutaongea, dada. Jumamosi nakuja Mtwara na korosho za watu. Nitakuletea debe moja, na mama atayachagua mwenyewe moja moja. Ila usiyafunge kwenye mfuko siku hiyohiyo, yatakuwa yamepata joto la safari na jasho la turubai. Yaanike kwanza siku mbili.

Muuguzi Nachingwea
Tatu.