Mshtakiwa akihepa korti, ahukumiwe akiwa hayupo?

Jameni, hili naliweka mezani. Juzi nilikuwa korti ya Makadara, Nairobi, kumdhamini binamu yangu, logbuku ya gari mapajani. Karani akatoka akaita jina la kijana fulani mara tatu kwenye varanda. Kimya. Hakimu akatoa hati ya kumkamata, mdhamini wake akaitwa aje aeleze kwa nini asilipe bondi, yaani dhamana aliyoahidi, faili ikawekwa kando. Jirani yangu kwenye benchi akanung'unika, "Si wangemfunga tu, akishikwa aende jela moja kwa moja?"

Namwelewa. Alikuwa shahidi, na hiyo ilikuwa mara yake ya nne kufika. Kibanda chake cha mitumba Gikomba kimefungwa, nauli ni yake. Sisi wa "haki za mshtakiwa" humsahau sana mtu huyu.

Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya kinampa mshtakiwa haki ya kuwepo kesi ikisikizwa, isipokuwa mwenendo wake ufanye isiwezekane kuendelea. Je, kutoroka si mwenendo? Hapo pa kubishania papo. Tena Sheria ya Mwenendo wa Jinai, kifungu cha 206, tayari inamruhusu hakimu wa korti za chini kuendelea bila aliyekosa kufika baada ya kuahirisha, ila kwa makosa mazito.

Mimi nasema ushahidi uchukuliwe, shahidi akafungue kibanda. Kifungo ndicho kingoje. Adhabu haipimwi bila kumsikia mtu: ni kosa la kwanza? Ana wanaomtegemea? Na kuna kukosa na kukosa. Yuko aliyetoroka kupitia mpaka wa Namanga, yuko aliyelazwa hospitali, yuko aliyeshikwa kwa kesi nyingine akawa rumande Industrial Area huku anaitwa Makadara. (Mimi mwenyewe niliwahi kukaa asubuhi nzima nje ya korti isiyo yangu, kisa kusoma ubao vibaya.)

Anayeniuma zaidi ni mdhamini. Mama ameweka hati ya shamba, mwana amezima simu. Huyo tumbane mapema hivyo hivyo?

Mtaniambia kifungu hicho hicho cha 206 kinaruhusu kumfutia hatia aliyezuiwa na mambo yaliyomshinda, akiwa pia na utetezi wa maana. Sawa. Lakini barua yake ya hospitali ataitafuta vipi akiwa tayari amevishwa sare ya jela?