Tupeane uzoefu: Ni siku gani serikali ya Marekani ilikugusa wewe binafsi mpaka ukaanza kujiita mhafidhina?

Mleta mada:

Wakuu, habari za majukumu.

Sisi wa Afrika Mashariki tulioko Marekani, tukikutana kwenye harusi au msiba tunabishana Trump na Democrats mpaka chai inapoa. Lakini mshike mtu pembeni umuulize ni lini yeye mwenyewe alibanwa, anawaza kidogo, halafu anakutolea kisa ambacho hujawahi kukiona kwenye televisheni. Mara nyingi ni karatasi tu: leseni, kibali, fomu, barua yenye nembo.

Mimi naegemea kulia, sifichi. Serikali ndogo, mzazi ana neno la kwanza kwa mwanawe, jasho la mtu liheshimiwe. Ila naona humu tunajua hotuba za wanasiasa kuliko tunavyojua visa vya wenzetu. Basi leteni visa vyenu. Cha kwako, sio cha binamu wa jirani. Msitaje jina la kampuni wala shule, tusije tukaitana mahakamani. Wa mrengo wa kushoto mnakaribishwa, njooni na visa, matusi yabaki huko huko.

Msusi:

Nimeanza kusuka nikiwa mdogo, nimefundishwa na shangazi barazani. Nilipofika huku wateja walinifuata wenyewe: rasta, twende kilioni, mabutu ya watoto wanaoanza shule. Sebule ikawa haitoshi, nikakodi kiti kwenye saluni ya dada mmoja.

Siku moja akaingia mkaguzi. Nikadhani mteja. Akasimama nyuma yangu akaniangalia ninavyogawa nywele kwa ncha ya kitana, kisha akaniuliza leseni. Sina. Akajaza karatasi, akaniachia nakala ya njano, mteja wangu kichwa nusu kimesukwa nusu kimetimka.

Nikaenda chuo cha urembo kuulizia. Saa zaidi ya elfu moja darasani, ada ya maelfu ya dola. Nikapitia mtaala: dawa za nywele, rangi, kunyoa, kucha, kusafisha uso. Nikauliza kusuka kuko ukurasa gani. Mwalimu akacheka, akaniambia, "Hilo labda utufundishe wewe."

Yaani nilipe nifundishwe kuunguza nywele na dawa ambayo sitaigusa maisha yangu yote, ndipo niruhusiwe kufanya kile ambacho mwalimu mwenyewe hakijui.

Baadaye nikasoma kisa cha Jestina Clayton, dada wa Sierra Leone aliyekuwa anasuka Utah. Yeye walimtaka saa 2,000. Akalipeleka jambo mahakama ya shirikisho, na mwaka 2012 jaji akalitupa sharti hilo, maana halikuwa na uhusiano wowote wa maana na kusuka. Texas wakafuta leseni ya kusuka mwaka 2015, Iowa 2016. Mimi sikuwa na nguvu ya kwenda mahakamani. Nilihama jimbo. Ndiyo, nilifunga virago na watoto juu, sababu nywele.

Na mjue, sijawahi kusikia mteja hata mmoja akidai leseni hizi. Wanaozitetea ni wenye saluni kubwa na vyuo vinavyokula ada. Mtu akiniambia sheria ni ya kumlinda mlaji, swali langu la kwanza siku hizi ni nani anakusanya hela mlangoni.

Mleta mada:

Dada Msusi, pole sana. Niongeze kidogo: hata Ikulu ya Obama mwaka 2015 ilitoa ripoti ikilalamikia wingi wa leseni za kazi. Kulia na kushoto wote wanaliona hili, labda ndiyo maana halina mjadala wa usiku kwenye televisheni. Hakuna wa kugombana naye.

Mzee wa Semi:

Mimi changu ni kile kisanduku ndani ya lori.

Kwa wasiojua: tangu Desemba 2017 malori mengi ya masafa yanatakiwa kuwa na kifaa kinachosoma injini na kuhesabu dakika zako za usukani. Unaruhusiwa kuendesha saa 11, zote ndani ya saa 14 tangu uanze kazi, halafu upumzike saa 10. Sasa hizo 14 ndizo zinazoua. Ukichelewa kupakuliwa ghalani, zinakwenda. Wewe umekaa tu kwenye kiti unasubiri mtu wa foki, ile mashine ya kupakulia mizigo, amalize soga, saa yako inaliwa.

Usiku mmoja wa theluji nilishikiliwa ghalani karibu siku nzima. Nikatoka, nikaanza kutafuta nyumbani. Kisanduku kikaanza kulia njiani. Kituo cha mapumziko kimejaa, malori yamelala mpaka kwenye njia ya kutokea. Na mimi nikalala hapo hapo kwenye njia ya kutokea, mahali pa hatari kuliko kama ningeendelea mpaka kwangu, maana bango la mji wetu nilikuwa naliona kwenye mwanga wa taa zangu. Mke anapiga simu, "Uko wapi?" Namwambia niko hapa. "Hapa wapi?" Hapa nje.

Daftari la karatasi lilimwachia dereva mwili wake. Umechoka, unalala. Hujachoka, unafika.

Fundi Breki:

Mzee wangu, kwa heshima: daftari la karatasi lilimwachia dereva pia uongo wake. Nimefanya kazi na madereva wenye madaftari mawili, moja la polisi na moja la bosi. Aliyekuwa anafaidi ule "uhuru" ni bosi. Dereva alikuwa akiambiwa "jaza vizuri" halafu anasukumwa mpaka asubuhi.

Na kwa kisa chako, mwongozo wa serikali wa mwaka 2018 unakuruhusu, baada ya kupakua, kusogea mpaka mahali salama pa karibu pa kulala. Unaweka kifaa kwenye matumizi binafsi. Makampuni mengi hayasemi hilo, au yanalikataza kwa sera yao wenyewe.

Mzee wa Semi:

La madaftari mawili nimelikubali. La matumizi binafsi, kampuni yangu ilikuwa imelifunga kabisa kwenye kifaa. Kwa hiyo hapo sijui nimlaumu nani, serikali au bosi.

Ila wasije wakasema napinga kila sheria. Juni 2025 walipoanza kuwasimamisha barabarani madereva wasiojua Kiingereza, wenzangu wengi walilia. Mimi nilisema sawa tu. Sharti lilikuwemo kitabuni siku nyingi, walichofanya ni kulikazia. Bango la urefu wa daraja halijaandikwa Kilingala.

Msusi:

Mzee, kwa hiyo leseni yangu ni uonevu ila mtihani wa Kiingereza ni haki? 😄

Mzee wa Semi:

Rasta zikikosewa mtu anafumua, binti yangu. Tani 36 hazifumuliwi.

Mama Watatu:

Nimesoma nikacheka, sasa niwaletee la kwangu ambalo halinichekeshi.

Mwanangu wa kati akiwa darasa la pili alirudi akaniuliza maswali kuhusu kitabu walichosomewa, habari za wavulana wanaooana. Mimi ni Mwislamu. Sikumkasirikia mtoto, sikumkasirikia mwalimu, na sina ugomvi na familia ya mtu yeyote, hapa mtaani tunaishi na watu wa kila namna na tunasalimiana. Nilichotaka ni kimoja: niambiwe mapema, siku hiyo mwanangu akae maktaba. Nikaandika barua kwa adabu zote. Jibu likaja mistari michache: vitabu ni sehemu ya masomo ya kusoma, hakuna utaratibu wa kumwondoa mtoto.

Kilichoniuma ni kwamba kipindi cha elimu ya afya fomu ya kumwondoa mtoto ipo, iko hata kwenye tovuti yao. Hiki wamekiweka kwenye kusoma, basi fomu haihusiki.

Wakati huo huo wazazi wa Montgomery County kule Maryland, Waislamu, Wakatoliki na Waothodoksi wa Ukraine, walikuwa wamefungua kesi juu ya jambo kama hili. Kule mwanzoni walikuwa wanapewa taarifa na nafasi ya kumtoa mtoto, halafu mwaka 2023 ikafutwa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na tarehe 27 Juni 2025 majaji 6 dhidi ya 3 wakaamua wapewe taarifa na ruhusa ya kuwatoa watoto wakati kesi inaendelea. Kesi inaitwa Mahmoud dhidi ya Taylor. Niliprinti ile hukumu, nikapigia mstari kurasa chache, nikaenda nayo shuleni ndani ya bahasha.

Sikuhitaji kuitoa. Mwalimu mkuu alikuwa ameshapata fomu mpya.

Watu wanadhani mzazi kama mimi anataka vitabu vichomwe. Hapana. Wasome wanaotaka kusoma. Nchi hii tangu 1925 mahakama ilishasema, kwenye kesi ya masista wa Oregon, kwamba mtoto sio mali ya serikali tu. Na 1972 wakawaruhusu Waamish, wale Wakristo wanaoishi kwa desturi za zamani, kuwatoa watoto wao shule baada ya darasa la nane. Mimi naomba nusu saa ya maktaba.

Zamu ya Usiku:

Mimi kwa kifupi. Texas, kituo cha mafuta, zamu ya usiku peke yangu. Tuliingiliwa. Polisi walifika baada ya wale kuondoka, wakaandika, wakaniambia nishukuru niko hai. Sijawa raia bado ila nina ukaaji wa kudumu, na sheria ya shirikisho inaniruhusu kununua bastola. Nikajaza fomu, nikachunguzwa, nikanunua. Tangu Septemba 2021 hapa hata kibali cha kuibeba hakihitajiki ukiwa umetimiza miaka 21 na huna makosa. Wenye visa za muda ni habari nyingine, wengi wao hairuhusiwi, msije mkaiga.

Mke wangu haitaki ndani ya nyumba. Hilo ndilo bunge gumu kuliko la jimbo kule Austin, bado tuko kwenye mjadala.

Kijana wa Mnada:

Nanunua magari ya mnada, natengeneza, nauza. Minada midogo wanapenda pesa taslimu, kwa hiyo natembea nazo. Nikasimamishwa barabara kuu, nimebadilisha njia bila kuonyesha taa. Askari akaniuliza kama nina pesa nyingi ndani ya gari. Mjinga mimi nikasema ndiyo.

Akaja mbwa wa kunusa. Bunda likawekwa juu ya boneti, likahesabiwa mbele ya magari yanayopita. Hawakukuta dawa za kulevya wala silaha. Hawakunikamata. Walikamata pesa. Nikapewa risiti, nikaambiwa naweza kwenda.

Nikajifunza kwamba hapa pesa yenyewe inaweza kuwa mshitakiwa. Kuna kesi ya mwaka 2006 inaitwa hivyo hivyo, Marekani dhidi ya dola 124,700. Sio jina la mtu, ni bunda. Na katika mashauri ya namna hii huhitaji kuwa umehukumiwa, wala hata kushitakiwa. Tena vyombo vinavyokamata vinaweza kubaki na sehemu kubwa ya mali, sasa niambie askari gani ataacha.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, kwa majaji wote 9, ilisema jimbo la Indiana wanabanwa na Katiba kwenye faini za kupindukia, walikuwa wamechukua Land Rover ya mtu. New Mexico wao mwaka 2015 waliamua bila hukumu ya jinai hakuna kutaifisha. Huko ndiko nataka tuelekee. Naunga mkono polisi, kaka yangu ni askari magereza. Lakini ukiniambia mhafidhina anatetea hili, nitakuuliza anahifadhi nini.

Mwanafunzi wa Boston:

Nimevumilia. Visa vizuri, sikatai. Ila mbona vinaishia pale chama chenu kinapoanza? Machi 2025 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tufts alichukuliwa mtaani na maafisa waliofunika nyuso, viza imefutwa, baada ya kushiriki kuandika makala kwenye gazeti la chuo. Nakaa karibu na pale. Wiki ile wenzangu wa Kiafrika walifuta walichowahi kuandika mtandaoni, na mimi nikafuta. Hicho ndicho kisa changu: nilikaa kitandani na simu nikifuta maneno yangu mwenyewe.

Na kodi ya asilimia 1 ya kutuma pesa nyumbani kwa taslimu, iliyoanza Januari 2026, nani aliipitisha? Sio Obama.

Mleta mada:

Mkuu, hapo sikupingi, na sitatafuta maneno ya kuzunguka. Mtu akiandika upuuzi ajibiwe kwa maandishi. Kuna wenzangu watasema mwenye viza ni mgeni na mgeni ana mipaka. Najua hoja yao, nchi ina haki ya kuchagua nani aingie. Ila serikali inayoweza kumfuata mgeni kwa makala leo, kesho haishindwi kumfuata mchungaji wangu kwa mahubiri. Novemba 2020 ilibidi Mahakama ya Juu iingilie ndipo makanisa ya Brooklyn yapumue, wakati wa korona yalikuwa yamebanwa watu 10 au 25 haijalishi ukumbi una ukubwa gani. Nilishangilia siku ile, sitaki kunyamaza hii.

Hiyo asilimia 1 nayo nimeilaani kwenye kundi la familia. Ila kumbukeni haiwahusu mnaotuma kutoka akaunti ya benki au kwa kadi ya benki ya hapa. Wanaoumia ni wale wanaokwenda dirishani na noti.

Kijana wa Mnada, hujamalizia. Pesa ilirudi?

Kijana wa Mnada:

Ilirudi pungufu, mkuu. Wakili alikula yake, na tulipatana waniachie sehemu kubwa ili tusifike mbele ya jaji. Nilichoponea ni karatasi za minada niliyonunua nyuma, zote nilikuwa nazo, na karatasi ya benki ya siku niliyotoa hela.

Kwa yeyote atakayepatwa: ikienda kwa serikali ya shirikisho utaletewa barua, na ndani kuna tarehe ya mwisho ya kudai mali yako. Siku zinahesabiwa tangu barua ilipotumwa, sio tangu uliposaini kuipokea. Yangu ilikaa kwa jirani tukiwa tumesafiri. Mwambie kabisa mwenye nyumba asiirudishe posta.