Kununua godauni la kugawa stoo ndogo Dar: dalali apewe kazi gani?

Stoo_Tabata
Habari zenu wakuu. Natafuta godauni la mita za mraba 500 hadi 800 pande za Vingunguti, Kiwalani au Tabata, niligawe stoo ndogo za kukodisha kwa wanaohama nyumba, wenye maduka Kariakoo na wauzaji wa mtandaoni. Dalali mmoja ana lililokwisha kugawanywa vyumba 40, anasema limejaa asilimia 95. Anataka asilimia 10 ya bei, na hela ya kuonesha kando. Dalali apewe kazi ipi, na hiyo 95 naihakikije?

Kufuli40
Mkuu, muulize kwanza: asilimia 95 ya nini? Chukulia vyumba 30 ni vya mita za mraba 4 na 10 ni vya mita 20. Jumla mita 320. Vikiwa tupu viwili tu, na vyote ni vile vikubwa, kwa idadi ya vyumba limejaa asilimia 95, kwa eneo ni 87.5. Kisha toa wasiolipa, toa na chumba ambacho muuzaji amejaza vitu vyake mwenyewe. Omba daftari la wapangaji, mikataba yote, taarifa ya benki na ya pesa za simu ya miezi 12, na risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi). Vinne hivyo visiposomana, bei ishuke.

Kubwa zaidi ni kodi iliyolipwa mbele, maana hapa Dar watu wengi hulipa miezi 6 kwa mkupuo. Wapangaji 20 wa shilingi 150,000 kwa mwezi wakiwa wamebakiza miezi 3 kila mmoja, hiyo ni milioni 9 ambayo muuzaji ameshaichukua, na wewe ndiye utakayewatunzia mizigo yao. Ikatwe kwenye bei, pamoja na amana zao zote. Dalali hatakukumbusha.

Ukinunua tupu, tuseme la mita 600, usipigiwe hesabu ya mita zote. Korido za mita 1.5, sehemu ya kushushia na chumba cha mlinzi vikitoka, panga kwa mita 400 hivi.

bikoni_nne
Kuhusu udalali: kazi yake ni kukufikisha kwa mwenye mali, basi. Hati, mipaka na thamani vina watu wake: wakili, mpima, mthamini aliyesajiliwa, na wote uwatafute wewe, asikuletee yeye.

Jihadhari na cha juu. Mwenye mali anataka milioni 600, wewe unatajiwa 680, na asilimia 10 unadaiwa juu ya hiyo 680. Usitaje bei yako kabla hujakaa na mwenye mali uso kwa uso. Ujira uandikwe kwa shilingi, si kwa asilimia, kwa sababu mwenye asilimia hana haja ya kukupigania bei ishuke. Robo alipwe mkataba wa mauziano ukisainiwa, iliyobaki hati ikishasajiliwa kwa jina lako. Na iandikwe kwamba kiasi hicho ni cha madalali wote walio kwenye mnyororo, la sivyo siku ya malipo watatokea watatu usiowajua.

Hela ya kuonesha ikatwe kwenye ujira.

Hati_Kwanza
Upekuzi ufanyike kwa Msajili wa Hati kabla ya senti yoyote: rehani, zuio, jina la mmiliki. Soma matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Ikisema makazi, mabadiliko ya matumizi yafanyike kwanza, na muuzaji ayagharamie.

Vingunguti ni jirani na Mto Msimbazi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mto. Barabara kuu nayo ina hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati. Mpima aje na kamba, na wewe uende Aprili mvua za masika zikiwa zinanyesha. Tazama alama za maji ukutani, sentimita 20 tu zinatosha kuharibu magodoro ya wapangaji wote wa chini.

Dalali akishauri mkataba uandikwe nusu bei ili kodi ipungue, kataa. Ni udanganyifu, na mzigo utakurudia. Umenunua 600, umeandika 300, baadaye unauza 700: faida ya kutozwa asilimia 10 itakuwa 400 badala ya 100. Yaani milioni 40 badala ya 10.

Stoo_Tabata
Nimekuelewa mkuu. Nimeuliza zaidi: mmiliki ni kampuni, na dalali anasema ninunue hisa zote, nisihangaike na uhamisho wa hati.

Hati_Kwanza
Hapo unanunua na madeni yake yote: kodi za nyuma, mishahara, kesi. Umiliki ukibadilika zaidi ya asilimia 50, TRA (Mamlaka ya Mapato) nayo inahesabu kama kampuni imeuza mali zake, kwa hiyo kodi haijakwepeka. Mwambie unanunua kiwanja na jengo, si kampuni. Wakikataa, mhasibu apitie hesabu zote za kampuni kabla hujaweka hata amana.